Wasomali wa Minneapolis na Wasomali wa Lewiston: ukitaka kuhamia, ulinganishe nini?

Mkimbizi anayeingia Marekani kwa kawaida hachagui mji. Shirika linalompokea ndilo linalompangia: huyu Louisville, huyu Dallas, yule Syracuse. Ila akishashuka ndege, hakuna sheria inayomfunga hapo alipopangiwa, na ndiyo maana mwaka hauishi kabla simu hazijaanza. Shangazi aliyeko Minneapolis, jimbo la Minnesota, anasema kazi zipo na nyama halali inapatikana kila mtaa. Binamu aliyeko Lewiston, jimbo la Maine, anasema huku kumetulia, watoto wanatembea kwa miguu hadi shuleni. Baba anavutwa huku, mama kule, na kila anayepiga simu anausifia mji wake.

Hapa naziweka jamii hizo mbili kwenye mizani moja. Wote ni Wasomali, wengi wamepitia kambi zilezile za Dadaab na Kakuma, na baridi wanayoila ni ileile. Ukubwa wa jamii na njia iliyowafikisha ndivyo vinavyowatofautisha. Kwa msomaji wa Kiswahili habari hii haiko mbali. Wakongo, Warundi na Wakenya walioko Marekani hukutana na chaguo hilohilo. Tena sehemu kubwa ya Wasomali wa Lewiston ni Wabantu wa Kisomali, wazao wa watu waliokamatwa utumwani kutoka Tanganyika, Msumbiji na Malawi katika karne ya 19. Baadhi yao bado wanazungumza Kizigua, na wenzao waliokimbilia Tanzania walipewa makazi Chogo, wilaya ya Handeni, kisha uraia.

Vigezo

Nitapima kwa mambo matano: kazi na kipato, nyumba, watoto, watu wako na ibada, halafu sauti na usalama. Kabla ya hapo, neno moja kuhusu takwimu, maana ndizo zinazowapoteza wengi. Ukisikia kwamba "kipato cha Wasomali wa mji fulani ni kidogo", uliza kwanza ni Wasomali gani. Aliyefika 1993 na aliyefika 2016 wanahesabiwa pamoja. Nyumba yenye mishahara miwili na watu wanane inawekwa sawa na nyumba yenye mishahara miwili na watu wawili. Jamii ambayo nusu yake ni watoto haiwezi kuonyesha kipato cha jamii ya watu wa makamo. Kwa hiyo wastani wa mji hautakuambia mengi. Mtafute mtu aliyefika miaka kumi iliyopita akiwa na elimu kama yako, uone leo yuko wapi.

Walivyofika

Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990 Wasomali wakaanza kuingia Minnesota. Wengine walipokelewa na mashirika ya Kilutheri na Kikatoliki, wengine walifuata kazi. Kiwanda cha bata mzinga katika mji mdogo wa Marshall kiliajiri watu wasiojua neno la Kiingereza, na habari ilipovuja ikasambaa hadi California. Baadaye wakajikusanya Minneapolis, hasa mtaa wa Cedar-Riverside. Leo eneo la Minneapolis na St. Paul lina watu wa asili ya Kisomali wapatao 80,000, na hakuna jimbo la Marekani lenye jamii kubwa kuliko hiyo.

Lewiston hawakupelekwa na mtu. Februari 2001 familia za kwanza zilitokea Portland, ambako nyumba za kupokelea watu zilikuwa zimejaa, na nyuma yao wakaja wengine kutoka viunga vya Atlanta. Lewiston ulikuwa mji wa watu kama 36,000. Viwanda vyake vya nguo kandokando ya mto Androscoggin vilikuwa vimekufa, na katikati ya mji vyumba vilikuwa vitupu. Kufikia mwishoni mwa 2002 Wasomali walikuwa wamepita 1,000, kisha Wabantu wakaanza kufika kutoka miji mingine waliyopangiwa.

Hao wa Minnesota walivutwa na kazi. Wa Lewiston walivutwa na nyumba na utulivu, kazi wakaitafuta baadaye, na athari ya hilo bado inaonekana katika karibu kila kigezo.

Kazi na kipato

Minneapolis ina ngazi, na kila kidato kina mtu unayemjua. Unaanza kiwanda cha nyama au ghala, unapata leseni ya teksi au ya lori, mke anafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani, baada ya miaka michache mmoja anafungua duka au kituo cha kulelea watoto. Ghala la Amazon lililoko Shakopee ni mfano mzuri. Wasomali walikuwa wengi pale kiasi kwamba Desemba 2018 waliweza kutoka nje kuandamana juu ya kasi ya kazi na nafasi ya kuswali, na Julai 2019 wakagoma tena siku ya mauzo makubwa ya kampuni. Watu wachache waliotawanyika wasingethubutu.

Ukitaka kuuona uchumi wa ndani, ingia Karmel, soko la Wasomali lililoko kusini mwa mji. Korido ni nyembamba, maduka yamebanana zaidi ya mia moja: dirac, magauni ya Kisomali, na baibui zimetundikwa hadi darini, fundi cherehani anapunguza suruali ya mtu aliyesimama akimsubiri, sonara, kinyozi, muuza uunsi, ubani wao, kaunta ya hawala ya kutuma hela nyumbani, na msikiti mlemle ndani. Mama asiyejua Kiingereza anaweza kukodi kibanda, kununua mzigo kwa hela ya hagbad, upatu wao huo, na kuuza mwaka mzima kwa Kisomali. Asiyetaka riba ana pa kwenda pia. Hussein Samatar, aliyewahi kufanya kazi benki, alianzisha African Development Center, na shirika hilo likatengeneza mikopo ya biashara isiyo na riba. Hilo ni jambo dogo kwa msomaji wa kawaida, lakini Mwislamu aliyekaa miaka kumi bila kukopa anajua uzito wake.

Ubaya wake ni kwamba ngazi ile ina dari. Vibanda vinauza bidhaa zilezile kwa wateja walewale, na mtu anaweza kukaa miaka 15 Kiingereza kikiwa kilekile cha uwanja wa ndege. Jina la jamii likichafuka linachafuka kwa wote. Kesi ya shirika la Feeding Our Future iliyofunguliwa Septemba 2022, ya wizi wa zaidi ya dola milioni 250 za chakula cha watoto, mshtakiwa wake mkuu alikuwa mwanamke asiye Msomali, ambaye mahakama ilimtia hatiani Machi 2025. Ila washtakiwa wengi walikuwa Wasomali, na wenye vituo halali sasa wanakaguliwa kana kwamba wao ndio walioiba. Na Desemba 2011, benki iliyokuwa ikishikilia akaunti nyingi za hawala ilipozifunga kwa kuogopa sheria za ugaidi, maelfu ya familia walikwama kutuma hela nyumbani kwa wakati mmoja. Wote walipita mlango mmoja.

Lewiston ngazi ni fupi, na wa kukushika mkono ni wachache. Kazi zipo za usafi na usaidizi hospitalini, ghala, hoteli za Freeport na Portland, kufungasha mizigo msimu wa kuelekea Krismasi. Bila gari umekwisha. Portland iko kilomita 55 hivi na shifti ya usiku haisubiri basi. Lakini Maine ndilo jimbo lenye watu wazee kuliko yote Marekani, na wazee wanahitaji wa kuwahudumia. Aliyesoma cheti cha msaidizi wa muuguzi hakosi kazi. Kwa kuwa mgonjwa wake hajui Kisomali, Kiingereza atajifunza apende asipende. Hapo ndipo naona mji mdogo unamzidi mkubwa: unakunyima raha ya kukaa na wenzako tu, na kwa kukunyima unakufikisha mapema kwenye kazi za nje ya jamii.

Maduka ya Kisomali ya Lisbon Street yaliirudishia uhai barabara iliyokuwa imekufa, lakini wateja wana kikomo. Mji wa ukubwa ule hauwezi kulisha Karmel.

Jambo la pekee Lewiston ni shamba. Wabantu wa Kisomali walikuwa wakulima wa bonde la Juba, na chama chao kiliasisi Liberation Farms, ambapo familia hulima vipande vyao na vikundi hulima pamoja kwa mtindo wa iskashito, kugawana kazi na mapato. Wanapanda mahindi magumu ya asili na kuyasaga unga wa ugali na wa muufo, mkate wao wa mahindi. Sasa wana ardhi ya kudumu mji wa jirani wa Wales, ekari zaidi ya 100, baada ya miaka ya kukodi kipande hiki na kile. Sidhani kama shamba linamtajirisha mtu. Ila bibi wa miaka 60, ambaye Minneapolis angekaa ghorofani akisubiri wajukuu watoke shule, Lewiston ana jembe na ana mazao ya kuuza.

Nyumba

Minneapolis watu wengi hupangia kwenye majengo marefu. Riverside Plaza, ile minara yenye vibao vya rangi iliyofunguliwa 1973, ina vyumba zaidi ya 1,300 na imekuwa kituo cha kwanza cha maelfu ya Wasomali. Faida yake ni jirani, lifti, na treni ya mjini hatua chache. Foleni ya nyumba za serikali ni ndefu, na majengo ya zamani yana hatari yake: Novemba 2019 moto katika jengo moja la umma hapohapo Cedar-Riverside uliua watu watano. Anayetaka kununua bila riba atapata mashirika kadhaa ya kuuliza.

Lewiston sifa ya nyumba za bei rahisi ni ya zamani kidogo. Kodi imepanda, na binamu anayekwambia habari za 2005 mwombe bei ya mwezi huu. Jambo la kuangalia zaidi ni rangi yenye madini ya risasi (lead). Nyumba za mbao za katikati ya mji, zile za ghorofa tatu walizojengewa wafanyakazi wa viwanda, zimepakwa rangi hiyo miaka mingi, na watoto wa hapo wamekuwa wakipatikana na risasi kwenye damu kuliko sehemu nyingine za Maine. Mwaka 2021 mji ulipata dola milioni 30 za serikali ya shirikisho kujenga upya mitaa hiyo. Ukipanga, uliza nyumba imepimwa lini, na mpeleke mtoto wa chini ya miaka sita akapimwe damu.

Watoto

Hapa simu za ndugu husifu kuliko ukweli, pande zote mbili.

Minneapolis mtoto ana dugsi, yaani madrasa, karibu, ana walimu na wakalimani Wasomali, ana wakili, daktari na diwani wa kumtazama na kusema "na mimi". Upande wa pili, kati ya 2007 na 2008 vijana wapatao ishirini waliondoka kisirisiri kwenda kujiunga na al-Shabaab, na kivuli cha hilo kiliwaandama hata waliokuwa hawajazaliwa. Magenge na dawa za kulevya ndivyo vinavyowanyima usingizi wazazi leo. Na jamii iliyoshikamana hupitisha uvumi haraka kama inavyopitisha habari za kazi. Maneno kwamba chanjo ya surua huleta usonji yalienea nyumba hadi nyumba, na 2017 surua ikawapata watu 75 Minnesota, wengi wao watoto wa Kisomali.

Lewiston kuna shule moja ya sekondari ya umma na wote wanaipitia. Timu yake ya mpira wa miguu, iliyojaa watoto wa Kisomali na wa nchi nyingine za Afrika, ilichukua ubingwa wa jimbo 2015 ikiwa na kocha mzungu wa hapohapo. Mchanganyiko ule haukupangwa na mtu, ni mji tu hauna pa kujitengea. Kuna kituo cha Tree Street Youth, kilichoanza 2011, ambapo watoto hufanya kazi za shule na kusaidiwa kuomba vyuo. Kasoro yake huja baadaye: kijana akimaliza chuo mara nyingi hutazama Portland au Boston, na wazazi wanabaki.

Watu wako na ibada

Hili halihitaji maneno mengi. Minneapolis iliruhusu 2023 adhana zote tano kwa kipaza sauti mwaka mzima, ikawa ya kwanza kati ya miji mikubwa ya Marekani. Misikiti, maziko, harusi za watu mia nne, vyote viko karibu. Mswahili asiye Msomali naye hatakosa wenzake, kwani Wakenya ni wengi Brooklyn Park, kiungani mwa Minneapolis, na ibada za Kiswahili zipo. Lakini siasa za koo nazo zimesafiri. Wabantu, waliodharauliwa Somalia kwa asili yao, wengi huona afadhali mahali ambapo wana chama chao na sauti yao, na Lewiston wanavyo.

Lewiston, Kiswahili cha kambini utakisikia sokoni kutoka kwa Wabantu, na cha Kivu kutoka kwa Wakongo waliofika karibuni. Wazee wa hapo, wajukuu wa Wakanada waliokuja viwandani, bado wanazungumza Kifaransa, na Mkongo au Mrundi anayekijua hupata mazungumzo ambayo Minneapolis asingeyapata.

Sauti na usalama

Kwa siasa, hesabu inabeba Minneapolis. Samatar aliingia bodi ya shule 2010, Abdi Warsame baraza la jiji 2013, Ilhan Omar bunge la jimbo 2016 na Bunge la Marekani 2018. Mji wa jirani wa St. Louis Park ulimchagua Nadia Mohamed kuwa meya 2023. Lewiston ilichelewa: Safiya Khalid aliingia baraza la mji 2019, Mana Abdi bunge la jimbo 2022. Ukiangalia idadi ya watu wao, hawakuchelewa sana.

Uhasama uko pande zote mbili, ila hauji kwa sura moja. Oktoba 2002 meya wa Lewiston aliwaandikia Wasomali barua ya wazi akiwaomba wapunguze kuja. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kikaitisha mkutano, wakaja watu wachache, na siku ileile watu kama 4,000 wakajaa Chuo cha Bates kuwaunga mkono wageni. Mwaka 2006 mtu alibingirisha kichwa cha nguruwe msikitini. Mji mdogo unamjua aliyefanya hivyo kwa jina, na anayekutetea unamjua kwa jina pia.

Minneapolis uhasama huja na ngazi ya taifa. Msikiti mmoja kiungani Bloomington ulilipuliwa Agosti 2017 na watu waliotoka Illinois. Desemba 2025 serikali ya shirikisho ilianzisha msako mkubwa wa uhamiaji Minneapolis na St. Paul huku rais akiwatukana Wasomali hadharani, ingawa wengi wao ni raia. Mwezi uliofuata msako ukafika Maine. Umaarufu wa jamii kubwa una gharama hiyo, lakini mawakili na mashirika ya kukutetea nayo ni mengi zaidi huko.

Kwa hali yako

Una biashara kichwani, Kiingereza bado, na ndugu wa kukuingiza kwenye hagbad: Minneapolis, ukijiwekea tarehe ya kuanza masomo ya Kiingereza kabla duka halijakumeza.

Una miaka 25, umesoma kidogo, unataka uuguzi: Lewiston itakuvusha haraka, mradi uwe na leseni ya udereva. Wakenya wa Minnesota nao wameifanya kazi hiyo vizuri, kwa hiyo kama una mtu Brooklyn Park, njia hiyo pia ni nzuri.

Wazazi wenye watoto wa miaka sita hadi kumi na mbili: angalia shule na nyumba mahususi, usiangalie mji. Mtaa mzuri wa viungani mwa Minneapolis unauzidi mtaa mbaya wa Lewiston, na kinyume chake. Wenye mtoto mchanga wasisaini Lewiston bila kipimo cha risasi.

Mmetoka kijijini, na nyumbani kuna mzee anayedhoofika kwa kukaa bure: nendeni Lewiston wakati wa kiangazi, mwone mashamba, kisha mrudi Februari mwone theluji kabla ya kuamua.

Mama peke yake na watoto wengi, bila gari: Minneapolis, kwa sababu ya basi, treni na majirani.

Na yeyote mwenye makaratasi ambayo hayajakamilika azungumze na wakili kabla ya kupakia mizigo. Anwani mpya lazima ifike idara ya uhamiaji ndani ya siku 10, na bima ya afya ya serikali haivuki mpaka wa jimbo: unaomba upya, na kati ya kuomba na kupata kunaweza kuwa na wiki za kutokuwa na dawa. Chukueni dawa za mwezi mzima kabla ya kuondoka.